Aliyepokea: Mwenyewe

"Hebu nisomee," mke wangu alinisukumia simu. "Macho yangu yamechoka kutukanwa."

Nikasoma: "Fundi, wewe ni tapeli. Gauni langu liko wapi? Sherehe ya kuniaga imepita, nimesimama mbele ya walimu wenzangu na nguo ya miaka minane iliyopita. Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini na mmoja, sijawahi kuibiwa mchana kweupe namna hii."

"Na hapo chini?"

"Komenti."

"Ngapi?"

"Nyingi, mke wangu. Achana nazo."

Akaegemeza paji la uso juu ya cherehani. "Nimemkosea nani mimi? Vifurushi vinne ndani ya wiki sita! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kuna mtu pale ofisini kwa watu wa mizigo anakula jasho langu."

Nikamshika bega, nikamwambia pole. Gauni la mwalimu lilikuwa hatua nne kutoka tulipokaa, ndani ya kabati langu la rangi, nyuma ya makopo yaliyokauka. Lilikuwa kwenye mfuko wake vilevile, halijafunguliwa. Niliyeliweka pale ni mimi.

Najua umeshanichukia. Usiwe na haraka, sababu nyingine zinakuja.

Mimi ni mchora mabango. Zamani hapa kwetu duka lilikuwa halifunguliwi kabla sijapita na brashi yangu. Ikaja mitambo ya kuchapa, bango linatoka kabla chai haijapoa, nami nikabaki na mkono mzuri usio na kazi. Mke wangu akafungua ukurasa wa kuuza magauni mtandaoni, ukashika moto mpaka simu yake ikawa inaamka kabla yetu. Yeye anashona, mimi nafunga na kuandika lebo. Wateja walikuwa wanapiga picha lebo zangu na kuzirusha: "Jamani mwandiko huu!" Ndiyo sifa pekee niliyobaki nayo, na nilikuwa naisoma nimejifungia chooni.

Kifurushi cha kwanza sikukiiba. Kilirudi chenyewe.

"Hodi!" Ilikuwa sauti ya dereva wa pikipiki wa kampuni ya mizigo. Tulimwita Breki, kwa sababu alipenda kujisifu kwamba pikipiki yake haina. "Mzigo umerudi, bosi. Huyu mteja siku ya tatu hapatikani. Si nikupe wewe? Wewe ndiye mwenyewe."

Hapa nikueleze kitu. Mke wangu, kama wanawake wengi walivyolelewa, hanitaji kwa jina mbele ya watu. Siku moja Breki alileta nyuzi mke wangu hayupo, akampigia simu. Jibu alilopewa ni hili: "Mpe mwenyewe, yupo hapo nyumbani." Tangu siku hiyo, kwa Breki, mwenyewe ni mimi.

"Ndiye mimi," nikajibu.

Nikasaini. Breki akaandika kwenye daftari lake: *Aliyepokea: mwenyewe.* Nikakiweka kifurushi kabatini kisiingie vumbi, nimwambie mke wangu akirudi kununua vitambaa.

Akarudi analia. Yule mteja alikuwa safarini, kumbe ameshawasha simu na ameshamwita mwizi. Mke wangu hakutua hata mzigo wa vitambaa. Alinijia moja kwa moja, akaweka kichwa begani kwangu.

"Nisingekuwa na wewe ningefanyaje mimi?"

Miezi minane alikuwa hajaniegemea. Maneno yaliyobaki kati yetu yalikuwa "nipishe hapo", "funga hiki" na "andika kile". Nikasema moyoni nitamwambia kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine.

Akapiga simu kwa dada wa ofisini, pale kampuni ya mizigo. Yule dada akafungua daftari la madereva, akatuma ujumbe: "Mzigo namba 31 umekabidhiwa. Aliyepokea: mwenyewe."

"Umeona mambo hayo?" mke wangu akapiga makofi. "Amepokea mwenyewe, kwa mkono wake, halafu ananitukana! Watu hawana haya!"

Pale pale ningeweza kusema. Sentensi moja tu: mke wangu, mwenyewe ni mimi. Nikanywa maji.

Kwa ajili ya jina lake akashona gauni jingine, bure, akalituma. Wiki ile nilikuwa mume tena. Aliniuliza nionavyo, tukanywa chai pamoja, tukacheka. Wiki iliyofuata oda zikamiminika, akarudi kwenye "nipishe hapo".

Ndipo nilipoiangalia ile tatu kwenye namba ya simu ya mteja, juu ya lebo.

Mji wetu nyumba hazina namba za maana. Anwani ni simu: "nyuma ya duka la dawa, ukifika piga." Simu ikikosewa, mzigo hauna kwao. Na tatu, kwa mtu wa brashi, ni nane ambayo haijafungwa. Nikaifunga. Breki akazunguka siku tatu na namba isiyokuwepo, akapiga namba ya mtumaji, ambayo niliweka yangu nikisema ya mke wangu isisumbuliwe. Nikamwambia alete. Nikasaini. *Mwenyewe.*

Nilifanya hivyo mara tatu.

Usifikiri nilikuwa nafurahia maisha. Nilimwona mke wangu akishona kila gauni mara mbili, mgongo umepinda, vidole vimechomwa sindano. Nikaamua kuacha. Lebo zote nikaziandika sawasawa, mizigo yote ikafika.

"Unaona?" akaniambia. "Tangu tulalamike ofisini hakuna kilichopotea. Kwa hiyo ni yule dereva! Ameogopa, ameacha kuiba."

Nilipoiba, mteja alionekana mwongo. Nilipoacha kuiba, Breki akawa mwizi. Kila upande niliogeukia kulikuwa na mtu wa kuumia badala yangu.

"Nitampigia nimpe vidonge vyake," alisema.

"Hapana!" Nilipayuka mpaka akashtuka. Nikashusha sauti. "Mlalamikaji haongei na mtuhumiwa. Niachie mimi, nitafuatilia."

Basi mwizi nikawa mpelelezi. Jioni moja nikamsikia nyuma ya pazia akiongea na dada yake mkubwa kwenye simu:

"Dada, kama siyo huyu mwanaume ningeshakuwa kichaa... Eeh, yeye ndiye anahangaika nao... Hapana, hajachoka hata siku moja... Mungu alinipa, dada. Hata wakinichukulia kila kitu, huyu wameniachia."

Nilikaa juu ya ndoo ya rangi nikataka ardhi ipasuke.

Baada ya ile posti ya mwalimu, meneja wa kampuni akapiga simu mwenyewe. Mke wangu akaweka spika.

"Fundi, kesho saa nne njoo ofisini. Dereva tutamwachisha kazi mbele yako, kisha tunampeleka polisi. Uje na shahidi."

"Nitakuja na mwenyewe," akasema mke wangu, akaniangalia, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Sikulala. Nilijitungia maneno ya kumwambia, kila nikiyapanga yanafika kwenye neno "kabati" na kukwama.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja, mizani ya kupimia mizigo mlangoni, rafu za vifurushi mpaka darini. Meneja alikaa nyuma ya meza, dada wa ofisini pembeni na lile daftari. Breki alisimama ukutani, koti la kampuni limefungwa mpaka shingoni, kofia ngumu kaikumbatia. Tulipoingia uso wake ukafunguka.

"Alhamdulillahi! Bosi, afadhali umekuja! Usiku kucha nimeomba uje. Waambie hawa, mimi hawanisikii."

Mke wangu akanigeukia. "Uwaambie nini?"

"Vile vifurushi, mama," Breki akamjibu yeye. "Mimi nasema nilimpa mwenyewe, wao wanadhani nasema mteja. Mteja nilimwona wapi? Namba hazikupatikana! Nilivirudisha nyumbani kwako, nikampa mwenyewe. Huyu hapa. Saini zake hizi hapa."

Nikasubiri mke wangu anigeukie. Hakunigeukia. Alimsogelea Breki kidole kikiwa juu.

"Koma! Umeiba magauni yangu, sasa unataka kuiba na heshima ya mume wangu? Mwanaume aliyekaa na mimi nikilia? Kama vingekuja kwake si angeniambia? Angevificha ili iweje? Ale magauni?"

Dada wa ofisini akacheka kidogo, akajizuia.

"Bosi," Breki aliniangalia, tabasamu likimtoka taratibu. "Bosi, sema basi. Neno moja tu."

Nikaangalia mizani, nikaangalia rafu. Najua nilichokuwa nasubiri: nilisubiri mambo yaishe bila mimi.

Meneja akagonga meza. "Imetosha. Vua koti la kampuni."

Breki akashika zipu. Ikakwama. Akavuta, ikagoma. Akawa anavuta kitambaa badala ya zipu, huku anasema "samahani, samahani," anamwomba radhi meneja kwa kuchelewesha kufukuzwa kwake mwenyewe. Mtu asiye na kosa anaomba samahani, na mwenye kosa amesimama pale na shati lililopigwa pasi na mke wake.

"Mwacheni na koti lake," nikasema.

"Unasemaje?" meneja akauliza.

"Anasema kweli. Alinipa mimi. Vyote vinne viko nyumbani, kwenye kabati langu la rangi. Kimoja kilirudi chenyewe. Vitatu nilibadilisha namba za simu."

Mke wangu hakupiga kelele. Angepiga ningepata pa kushika.

"Hata la mwalimu?" aliuliza.

"Hata la mwalimu."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Kisha akamwendea Breki, akapiga goti moja kwenye ile sakafu yenye vumbi. "Kaka yangu, nisamehe. Nimekuita mwizi mbele za watu."

"Mama, inuka, inuka bwana..." Breki naye alikuwa analia.

Nikafungua mdomo. "Breki, na mimi..."

"Wewe usiseme na mimi," akanikata.

Tulirudi nyumbani. Alifungua kabati, akatoa kopo moja baada ya jingine, akavipanga vifurushi vinne mezani.

"Kwa nini?" akauliza.

"Nilikuwa nakupoteza."

"Nilikuwa natafuta kula yetu, wewe! Nilikuwa humu humu ndani, chumba hiki hiki!"

"Ulikuwa hunioni."

"Kwa hiyo ukanifungia? Wiki sita nimeogopa kushika simu yangu mwenyewe. Nimeogopa kwenda dukani watu wasinionyeshe kidole. Nikikimbia, nakimbilia kwako. Kumbe mlango niliokuwa nakimbilia ndiko komeo liliko."

"Nisamehe mke wangu. Nilikuwa nakupenda."

"Usinitajie hilo neno leo. Litachafuka." Akavuta pumzi. "Hivi utavipeleka. Kwa miguu. Ukifika usiseme 'vilipotea'. Usiseme 'kulitokea tatizo'. Utasema: niliviiba mimi. Wakikutukana, simama usikilize mpaka mwisho. Mimi nilisikiliza wiki sita."

Mke wangu alipohamia kwa dada yake, aliyekuja kumbebea cherehani alikuwa Breki. Aliifunga kamba nyuma ya pikipiki, akaikagua mara mbili, na alipopita mbele yangu hakunitazama.

Nikavipeleka. Wa kwanza alikuwa yule aliyesafiri. Alinisikiliza, akaita majirani, akasema, "Rudia." Nikarudia. Wa pili alinifungia mlango usoni, kisha akaufungua kidogo, akachukua kifurushi, akaufunga tena. Wa tatu aliuliza sababu, nikamweleza, akacheka mpaka akakaa chini. "Ulikuwa unamwonea wivu cherehani?" Nikasema ndiyo. Akacheka zaidi, na kicheko kile kiliuma kuliko mlango.

Mwalimu nilimkuta anamwagilia maua. Alivaa miwani, akaigeuza lebo, akaitazama.

"Ni mwandiko wako huu?"

"Ni wangu, mwalimu."

"Mzuri sana." Akaweka kucha juu ya ile nane. "Hii ilikuwa tatu. Namba yangu imeishia na tatu tangu ninunue simu. Mkono wako haukutetemeka hata kidogo?"

"Haukutetemeka."

"Watoto walionidanganya darasani walikuwa angalau wanatetemeka." Akalitoa gauni, akalikunjua, akaliweka kifuani. Lilimpendeza mpaka nikaangalia chini. "Nitalivaa wapi sasa? Huagwi mara mbili. Mkeo yuko wapi?"

"Kwa dada yake."

"Basi mimi usiniombe msamaha kwanza. Kaanze na aliyeshona."

Jioni ile mwalimu aliandika kwenye ukurasa wa mke wangu: "Fundi hakuniibia. Aliyeiba amekuja kwa miguu yake akasema. Nunueni kwa fundi." Oda zikarudi. Mimi sikuambiwa, niliziona nikisoma chooni kama zamani, ila safari hii sikujitafuta.

Wiki ya tatu nikaenda kwa dada yake. Shemeji, yule dada yake, alinifungulia, akanipima juu mpaka chini.

"Karibu shemeji. Ila mikono weka mbele tuione, humu ndani kuna vitu vya watu."

"Sawa, shemeji."

"Na ukitoka nitahesabu vijiko."

Mke wangu alikuwa anashona, mgongo kanipa. Lebo zilikuwa zimepangwa pembeni, ameziandika yeye, herufi zimelala huku na huku.

"Umevipeleka?"

"Vyote."

"Wamesemaje?"

Nikamwambia yote, bila kupunguza. Nilipofika kwenye wivu wa cherehani mabega yake yakacheza kidogo. Sikujua anacheka au analia, na sikuthubutu kuuliza.

"Kaa," alisema. "Nina swali moja. Nijibu kabla hujafikiri, maana wewe ukifikiri unaharibu. Ile siku ya kwanza, nilipokulilia begani. Ulifurahi?"

Cherehani ikasimama. Jibu la kusema nililijua: hapana mke wangu, niliumia pamoja na wewe. Lilikuwa tayari mdomoni, limenyooka, limepangika kama kazi zangu zote.

"Nilifurahi," nikasema. "Ulilia, nami nikafurahi. Ndiyo maana sikukwambia."

Akageuka. Macho yalikuwa yamejaa, lakini alinitazama usoni, na sikumbuki mara ya mwisho tulipotazamana hivyo.

"Nilijua," alisema. "Nililala kitandani kwa dada nikalijua. Ungesema hapana, leo ndiyo ingekuwa mwisho wetu."

"Na sasa?"

"Sasa bado nina hasira. Ninayo nyingi. Lakini mtu ninayeujua ubaya wake naweza kukaa naye nyumba moja. Nisiyeujua ndiye ananitisha." Akafuta uso kwa kipande cha kitambaa. "Nimepanga chumba cha kazi karibu na soko. Funguo ni zangu, lebo ni zangu. Ukitaka mke, nyumbani nitakuja. Ukitaka fundi, utapanga foleni na wateja."

"Nataka mke."

"Jumapili, basi. Cherehani ni nzito. Atakayeibeba ni Breki, na utakayemwomba ni wewe."

"Hapokei simu zangu."

"Si una miguu?"

"Akikataa?"

"Akikataa nitakaa hapa mpaka akubali."

Kesho yake asubuhi nikasimama nje ya ofisi ya mizigo. Breki akatoka na pikipiki. Nikasema, "Breki, nisamehe." Akapita, nikabaki na vumbi. Siku ya pili akapita. Siku ya tatu mvua ilinyesha, akapita, akanirushia na matope, sijui kwa bahati mbaya au kwa makusudi, nami sikuona sababu ya kuuliza. Siku ya nne dada wa ofisini alinitolea kiti. Nikakataa kukaa.

Siku ya tano pikipiki ikapunguza mwendo, ikasimama mbele yangu. Kumbe breki anazo.

"Nilikutegemea mbele ya bosi wangu," alisema. "Nilikuomba neno moja. Moja."

"Najua. Nilikuacha peke yako pale. Nisamehe."

Akatazama barabara, injini inanguruma.

"Fundi aliniambia ukija mara moja nisikujibu," akasema. "Aliniambia nikuangalie kama utarudi."

"Nimerudi."

"Naona." Akavaa kofia ngumu, akafunga mkanda chini ya kidevu. "Jumapili saa ngapi?"